Maswali ya Wasomaji: Jedwali la Hesabu Mbele ya Watazamaji

Toleo lililopita nilijibu kwa mistari minne swali la msomaji aliyetaka kujua kama ni kweli kwamba wapo watu wanaoshindana kutumia Excel, ile programu ya kompyuta ya majedwali ya hesabu, mbele ya kamera. Nilisema ni kweli, nikaendelea na swali la ankara za maji. Kumbe nilikuwa nimefungua mlango: barua zilizokuja baadaye karibu zote zinauliza hilo hilo, kila mmoja kwa upande wake, na kwa hiyo nafasi yote ya safari hii nimeiachia mada hiyo. Barua nimezifupisha, lakini sikuzibadilisha makusudio.

*Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mstaafu wa serikali, nakaa Chake Chake. Asubuhi moja ya Disemba, niliporudi msikitini baada ya sala ya Alfajiri, nilimkuta mwanangu na wenziwe wawili wamekaa mbele ya televisheni wanatazama watu waliovaa jezi, kila mmoja na kompyuta yake, na ukumbi mzima unapiga kelele kama Gombani siku ya fainali. Nilikaa nao karibu nusu saa. Sikuona mpira, sikuona mbio, sikuona hata karata; nilichokiona ni jedwali la hesabu, lile lile ambalo makarani wetu walikuwa wakilijaza ofisini bila ya kupigiwa makofi na mtu. Naomba unifahamishe: pale kinachotazamwa ni kitu gani, na kwa nini kiitwe mchezo?*
— Mstaafu, Chake Chake

Wa alaykumu s-salaam, Mzee wangu. Walichokuwa wakikitazama vijana wako ni fainali ya Mashindano ya Dunia ya Microsoft Excel, ambayo tangu mwaka 2023 huchezwa Las Vegas, Marekani, mwezi wa Disemba. Wakati huo wa mwaka wenyeji wa kule wako nyuma yetu kwa saa 11, na ndiyo maana pambano lao la jioni linatuangukia sisi alfajiri, chai bado iko jikoni.

Jedwali lenyewe unalijua vyema, kwa sababu asili yake ni daftari la mahesabu lililotiwa ndani ya kompyuta. Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa mwaka 1979 programu iliyoitwa VisiCalc, ambayo ndiyo ya kwanza ya aina hii kuenea katika kompyuta ndogo; Excel ilitoka mwaka 1985, na mwanzoni ilikuwa ya kompyuta za Macintosh tu. Mashindano nayo yalianza kama shughuli ya watu wa fedha wenyewe kwa wenyewe. Kuanzia 2012 hadi 2019 yalikuwapo mashindano yaliyoitwa ModelOff, na yalipokoma, Andrew Grigolunovich wa Latvia akaanzisha mwaka 2020 mengine yaitwayo Financial Modeling World Cup, na humo ndimo ulimozaliwa mchezo huu wa kutazamwa. Tofauti kubwa baina ya viwili hivyo ni kwamba majaribio ya fedha ni marefu na humtaka mtu ajue mizania na mikopo, ilhali haya ya jukwaani huchukua nusu saa hivi na fumbo lake laweza kuwa juu ya chochote kile: karata, mashua, mtu aliyepotea katika vichochoro anayetafuta pa kutokea. Fainali ya 2024 ilijengwa juu ya mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft, kwa hiyo waliokaa jukwaani walikuwa wakikokotoa nguvu za mashujaa wa kubuni, wala si faida ya kampuni.

Sasa nije kwenye swali lako hasa. Wewe umekulia Pemba, na sina shaka umewahi kusimama nyuma ya watu wanaocheza bao. Mgeni apitaye hapo huona ubao wenye mashimo 32, kete 64, na watu wawili wanaookota na kutia, wanaookota na kutia. Mara wote waliosimama wanaguna kwa pamoja, naye hajui kumetokea nini. Wewe umeguna kwa sababu umeliona shimo ambalo kete ya mwisho itaangukia kabla mkono wa mchezaji haujafika hapo, na umekwisha jua kwamba nyumba ya mwenziwe inaliwa. Raha ya kutazama bao haimo mkononi mwa mchezaji. Imo katika kuitangulia akili yake kwa hatua moja, au katika kushtuka ukigundua kwamba yeye ndiye aliyekutangulia wewe.

Excel ya jukwaani hutazamwa namna hiyo hiyo, na asiyejua pa kuweka macho hataona chochote hata akae mpaka adhuhuri. Wengi hutazama vidole au tarakimu zinazojaa kwenye jedwali, na hapo wanakosea. Pa kutazama ni ule mstari mrefu ulioko juu ya jedwali, ambamo fomula, yaani maagizo ya hesabu, huandikwa, kwa sababu humo ndimo mchezaji anamofikiri kwa maandishi. Kila mchezaji amepewa fumbo moja lenye ngazi kadhaa, kila ngazi ngumu kuliko iliyotangulia na yenye pointi zaidi, na maswali ya nyongeza pembeni. Mchezaji mmoja huamua kuyajibu maswali mepesi moja moja, kwa haraka, ili jina lake lipande kwenye ubao wa pointi. Mwengine hukaa dakika nne bila ya jibu hata moja, anajenga fomula moja ndefu ambayo, ikikamilika, itajibu maswali kumi kwa mpigo. Ubao unamwonyesha huyu wa pili kuwa yuko mkiani, lakini aliyezoea kutazama huusoma mstari wake wa fomula na kujua kwamba yumo mbioni kupaa.

Na hapa ndipo ilipo sheria ndogo ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyogeuza kazi ya ofisini kuwa tamasha: kila baada ya dakika tano, mwenye pointi chache kuliko wote hutolewa. Laiti ingekuwa watu 12 wanakaa nusu saa na mwisho wanasomewa matokeo, hakuna ambaye angeamka alfajiri kwa ajili hiyo. Lakini kwa kuwa kengele inakuja, yule anayejenga fomula ndefu anacheza na roho yake. Akikawia nusu dakika anaondoka jukwaani na fomula yake ikiwa imebaki mabano mawili tu kukamilika. Kelele ulizozisikia, Mzee wangu, aghalabu ni za sekunde zile kumi za mwisho, wakati mtu wa mkiani anapobonyeza kitufe na visanduku ishirini vinajaa kwa pamoja.

Kasoro nazo zipo, na sitaki kuzificha. Dakika za mwanzo huchosha, kwa kuwa kila mmoja anasoma swali na hakuna kinachotembea kwenye kioo isipokuwa saa. Tena skrini za wachezaji wote zikiwekwa pamoja kwenye televisheni moja, maandishi huwa madogo mithili ya mchanga, na mtazamaji hubaki kumtegemea mtangazaji. Ndiyo sababu watangazaji wa mchezo huu, mfano Bill Jelen na Oz du Soleil, ni walimu wa Excel wenye majina kabla ya kuwa watangazaji; kazi yao ni ile ya mzee anayekaa karibu na ubao wa bao na kukunong'oneza, “Tazama kimbi, usitazame nyumba.” Mwezi Agosti 2022 kituo cha ESPN kilipoonyesha pambano la aina hii katika siku yake ya michezo isiyo ya kawaida, wengi walilicheka, na bado wengi wanalicheka. Ama kuhusu jina la mchezo, mimi sioni tabu: kama bao ni mchezo, na sidhani kama Chake Chake kuna atakayelikana hilo, na hili nalo litakuwa mchezo. Riadha siyo.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma Tunguu. Nataka kujifunza hadi niweze kuingia katika hatua za mchujo kwa mtandao. Je, lazima nijue uhasibu? Na nianzie na fomula zipi? Kompyuta yangu ya mpakato ni ya zamani na Excel yake pia si mpya.*
— Mwanafunzi, Tunguu

Mwanangu, uhasibu haulazimu. Andrew Ngai wa Australia, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023, kazi yake ni mahesabu ya bima, lakini mafumbo aliyoshinda kwayo hayakumtaka ajue bima. Kinachotakiwa ni kuliona umbo la swali. Badala ya kukuorodheshea fomula, acha nikufanyie mfano mmoja mdogo wa kubuni ulio katika sura ya mafumbo hayo, nawe ukae nao jioni moja.

Mashua inatoka bandarini. Ndani ya kisanduku A2, yaani safu ya A mstari wa 2, mmeandikwa safari yake kwa herufi: JJCJLLSJ. J ni hatua moja juu, C ni chini, L ni kulia, S ni kushoto. Mashua imeishia wapi? Mtu wa kawaida ataanza kuhesabu kwa kidole, na kwa mashua moja kidole kinatosha. Lakini swali linalofuata lina mashua 200. Fomula hii inahesabu J zilizomo: =LEN(A2)-LEN(SUBSTITUTE(A2,"J","")). Maana yake ni kwamba tunapima urefu wa maandishi yote, ambao ni 8, kisha tunayapima tena baada ya kuziondoa J zote, tunapata 4, na tofauti yake, 4, ndiyo idadi ya J. Ukitoa C, ambayo ni moja, mashua iko hatua 3 juu. Ukitoa S moja katika L mbili, iko hatua 1 kulia. Fomula hiyo unaivuta kwa mashua zote 200 na ngazi ya kwanza umeimaliza. Angalia mtego mmoja: SUBSTITUTE hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo mtunga swali mwenye roho ya kuchokoza akipenyeza j ndogo kati, hesabu yako itapungua nawe hutaonyeshwa kosa lolote. Zungushia A2 kwa UPPER, umesalimika.

Ngazi ya pili inasema: hatua mbili juu ya bandari pana mwamba, na mashua ikijaribu kuingia hapo hubaki ilipokuwa, kisha inaendelea na herufi inayofuata. Ifuate ile safari yetu sasa. J ya kwanza inaipeleka hatua moja juu. J ya pili inagonga mwamba, inabaki. C inairudisha bandarini, J inaipandisha tena, L mbili zinaipeleka kulia, S inairudisha moja, na J ya mwisho inaipandisha bila ya kizuizi kwa sababu sasa imeshapita pembeni. Imeishia hatua 2 juu na 1 kulia, si 3 juu. Ile fomula nzuri ya kuhesabu herufi imekufa hapo hapo, kwa sababu awali hatukujali mpangilio wa herufi, na sasa mpangilio ndio kila kitu. Mchezaji mzuri hulitambua hilo anaposoma swali. Mchezaji wa kati hulitambua baada ya dakika sita.

Wenye Excel mpya hapa hutumia LAMBDA pamoja na REDUCE au SCAN, ambazo huibeba nafasi ya mashua kutoka herufi moja hadi nyengine ndani ya fomula moja. Wewe mwenye Excel ya zamani usikate tamaa. Tumia MID kuitenga kila herufi katika kisanduku chake, halafu chini ya kila herufi andika nafasi ya mashua inayotokana na nafasi iliyoko kisanduku cha kushoto. Utatumia visanduku vingi zaidi, lakini jedwali lina mistari 1,048,576 na safu 16,384 tangu toleo la 2007, kwa hiyo nafasi si ya kuionea choyo. Na kwa kweli, kwa anayejifunza, njia hii ndefu ni bora kuliko ile fupi, kwa kuwa ukikosea unaiona hatua uliyokosea.

Mengine nitapita juu juu. Jifunze kutafuta kwa INDEX na MATCH kwanza, XLOOKUP itakuja yenyewe utakapopata Excel mpya. Jifunze kuacha kipanya. Mikono ikae kwenye kibodi. Jifunze alama ya dola, ambayo katika Excel haihusiani na fedha: $A$2 maana yake ni kwamba kisanduku hicho kimefungwa hata fomula ikivutwa, na kitufe cha F4 hukufungia bila ya kuiandika alama kwa mkono. Wanafunzi wangu wengi wameanguka kwa dola hiyo kuliko kwa hesabu yenyewe. Pia, kwa umri wako, yapo mashindano mengine ya kimataifa, ya Microsoft Office Specialist, yanayoendeshwa na Certiport kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 22. Hayo hupima zaidi uwezo wa kutekeleza maagizo kwa usahihi kuliko kufumbua mafumbo, lakini mkono utakaoupata huko hautapotea.

*Ndugu Mwandishi, nimekuwa mtunza hesabu kwa miaka mingi hapa Wete, na jambo hili linanikera. Sisi tulifundishwa kwamba hesabu haifanywi mbio. Huyu anayeshangiliwa kwa kumaliza kabla ya mwenziwe, kesho akiajiriwa atatuharibia vitabu. Je, huoni kwamba mnawafundisha vijana tabia mbaya?*
— Mtunza Hesabu, Wete

Ndugu yangu, hofu yako ina mashiko, nami nakupa ushahidi zaidi kuliko ulioniletea. Mwaka 2010 wachumi wawili wenye heshima kubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala juu ya deni la nchi na ukuaji wa uchumi, makala ambayo mawaziri wa fedha waliitaja sana walipotaka kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst alilipata jedwali lao na kugundua, pamoja na mambo mengine, kwamba wastani mmoja ulikuwa umechukuliwa kutoka L30 hadi L44 badala ya kufika L49. Nchi tano, kuanzia Australia mpaka Denmark kwa mpangilio wa alfabeti, zilikuwa zimeachwa nje. Na mwaka 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, Uingereza iliacha kuhesabu wagonjwa 15,841 katika takwimu zake za kila siku kwa sababu taarifa zao zilipitishwa katika faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mstari wa 65,536; waliozidi hapo walidondoka kimya kimya.

Nami pia yamenikuta. Ujana wangu niliandika vitabu vya tajiri mmoja wa saruji na mabati hapa mjini. Jumla yangu ya madeni ilisoma kutoka C4 hadi C38, na mteja mpya alipokuja kukopa nilimwandika mstari wa 39, nikaridhika kwa kuwa jina lake nililiona. Jumla haikumwona. Miezi miwili baadaye mke wa tajiri, ambaye hakuwahi kuigusa kompyuta lakini alikuwa na daftari lake la mkono, aliniuliza mbona mifuko sitini ya saruji haimo. Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikiona jumla yoyote hubonyeza F2 kwanza nione imeanzia wapi na imeishia wapi.

Lakini tazama, Ndugu yangu: katika visa hivi vyote hakuna kosa lililosababishwa na mbio. Mimi nilikuwa na miezi miwili, na wachumi wale walikuwa na muda zaidi. Kosa lilikuwa la muundo: fungu la visanduku lililokatwa mahali pasipo, faili lisiloenea. Mambo hayo ndiyo hasa yanayomwadhibu mchezaji jukwaani, kwani fungu likikatwa vibaya jibu linakuwa baya, jibu baya halina pointi, na dakika zilizotumika hazirudi. Anayefika fainali ni yule aliyeacha zamani kuandika fomula thelathini kwa mkono pale ambapo moja inayovutwa ingetosha, na hilo, ukiniuliza mimi, ndilo ambalo tungepaswa kuwafundisha makarani wetu tangu mwanzo. Ninachokubaliana nawe ni kwamba kazi ya jukwaani hutupwa baada ya nusu saa na hakuna atakayeirithi. Fomula ya mistari kumi isiyo na maelezo ni ushujaa Las Vegas na ni balaa Wete, ambako mwaka ujao kijana mwengine atakikuta kitabu hicho na asijue pa kuanzia. Kwa hiyo ukimwajiri mmoja wao, mpe sharti la kuandika maelezo, wala usimnyime kazi.

*Mwalimu, kaka yangu anasema ataacha kazi ya dukani ili afanye mazoezi ya Excel kutwa, kwa sababu bingwa wa dunia anatajirika. Mama anaumwa kichwa kwa habari hii. Zawadi ni kiasi gani?*
— Dada mtu, Mlandege

Mwanangu, mpe Mama pole yangu. Diarmuid Early, raia wa Ayalandi anayeishi New York, aliyeupata ubingwa Disemba 2025 baada ya Michael Jarman aliyeushika mwaka 2024, alipewa dola 5,000 na mkanda kama wa mabondia. Mkanda ni mzuri sana, siwezi kukataa. Lakini ukitoa tiketi ya ndege, viza na hoteli kutoka Zanzibar mpaka Las Vegas, kitakachobaki hakifiki hata kufungulia genge. Hao wote wana kazi zao, na Excel ndiyo kazi yenyewe mchana kabla ya kuwa mchezo jioni. Kaka yako aanze na hesabu za hilo duka.

*Assalaam alaykum. Sisi ni vijana wa Makunduchi, tuna jumuiya yetu ndogo yenye kompyuta nane na projekta moja. Tumeafikiana kufanya shindano letu wakati wa likizo za skuli, watu watazame barazani baada ya Isha. Tunaomba ushauri, hasa namna ya kuwafanya watu wasiondoke.*
— Jumuiya ya Vijana, Makunduchi

Wa alaykumu s-salaam. Barua hii imenifurahisha kuliko zote, na nitawajibu kama mtu anayetaka kualikwa.

Kompyuta nane zinatosha, lakini msizionyeshe zote nane ukutani. Onyesheni mbili tu kwa wakati mmoja, ya anayeongoza na ya aliye hatarini kutolewa, na mkuze maandishi ya mstari wa fomula mpaka mtu wa safu ya nyuma asome. Pointi ziandikwe kwa chaki kwenye ubao wa skuli, na aziandike mtoto mwenye mbio. Itaonekana kama ushamba, ila ubao wa chaki una faida moja ambayo skrini haina: watu hugeuza shingo kwa pamoja, na mtu mmoja akiguna wengine wanataka kujua kwa nini.

Fumbo litoke nyumbani. Mkiwaletea watu wa Makunduchi swali la ghala la Marekani, watakunywa kahawa na kuondoka. Lakini mkiwapa kamba za mwani, kila kamba na idadi ya vishada, bamvua na maji mafu, siku za kuvuna na bei ya kilo, basi bibi aliyelima mwani miaka ishirini atajua jibu linakaribia ngapi kabla ya mchezaji, na akiona tarakimu ya kipuuzi kwenye kioo atasema kwa sauti. Huyo ndiye mtazamaji mnayemtaka. Mtangazaji naye msimtafute kwa ajili ya kompyuta tu. Tafuteni mtu anayejulikana barazani kwa kusimulia bao la jana hadi aliyelikosa ajute, mumkalishe pembeni mwa kijana mmoja anayejua fomula, mmoja aeleze kilichoandikwa, mwengine aeleze maana yake kwa ushindi.

Muda uwe mfupi: dakika 25, na kengele ya kumtoa wa mwisho kila dakika tano, ili mwisho wabaki watatu au wanne. Umeme nao muufikirie. Kompyuta ya mpakato yenye betri nzima haitazimika, ila projekta itazimika, kwa hiyo azimeni jenereta mapema na muiweke mbali, la sivyo mtangazaji hatasikika. Faili la kila mchezaji lijihifadhi kila dakika moja. Mnaweza kulipanga hilo ndani ya Excel yenyewe.

Jambo la mwisho ni dogo, nalo linaweza kuwaharibia usiku mzima. Kabla ya kuanza, kaeni na kompyuta zote nane moja baada ya moja, muandike 03/04 katika kisanduku kitupu na mtazame imesoma nini. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itasema ni tarehe 4 Machi, na iliyopangwa kwa mtindo wetu itasema ni tarehe 3 Aprili, na fumbo la mwani lina tarehe za kupanda na kuvuna. Mkisahau, wachezaji wawili watatoa majibu mawili kwa fomula ile ile, wote wawili wakiwa na haki, na hapo hata mimi nikiwa nimekaa safu ya mbele sitaweza kuwaamulia.